Kikaango Kisichooga Sabuni

Moshi umejaa jikoni na mwanangu anakohoa kwa makusudi, ili nijue kwamba anateseka. Nimemwambia afungue dirisha. Ili alifikie dirisha inabidi mimi nitoke kwanza, kwa sababu hili jiko langu la Mbagala, ambalo mwenye nyumba analiita jiko la apatimenti na kodi yake anaipanga hivyo hivyo, linamtosha mtu mmoja na nusu. Mmoja ndiye mimi. Nusu ni Latifa, amesimama mlangoni kaziba pua na upindo wa dera, ananiuliza kama tunapika au tunachoma taka.

Tunapika. Juu ya jiko la gesi kuna kikaango cha chuma, kizito, cha mraba, chenye matuta membamba ndani kama kishamba cha viazi. Ukilaza samaki humo anatoka na mistari myeusi ubavuni, utadhani kachomwa juu ya mkaa, kumbe hujatoka hata nje ya mlango. Siku hizi vikaango vya aina hii vimejaa madukani, vyepesi, vya rangirangi, vinabanduka kabla ya Idi. Changu ni cha zamani. Nilikitoa Tabata majuzi, uani kwa shangazi yangu, chini ya bomba la pipa la maji, walikokiweka kikinge matone.

Shangazi amefariki. Tulipomaliza arobaini yake, binti yake mkubwa, Shufaa, aliniita chumbani akaniambia nichague kitu cha kumkumbukia mama yake. Kitandani walikuwa wamepanga doti za khanga ambazo hazijakatwa, seti ya vikombe vya maua ambavyo sikuwahi kuruhusiwa kuvishika ila kwa kuvifuta vumbi, na saa ya ukutani. Nikavitazama, nikatoka uani, nikainama chini ya pipa.

"Hicho?" Shufaa alicheka. "Dada Zuu, hicho si uchafu?"

"Ndicho hicho hicho."

Akanisindikiza mpaka getini. Pale getini akanishika mkono, akashusha sauti. "Na umsamehe mama, dada. Mlikuwaga na mambo yenu nyie."

Nikamwambia inshallah. Neno hilo limewafaa wengi wasiotaka kusema ndiyo wala hapana.

Kikaango kilikuwa cha mama yangu. Mama alikuwa mpishi kwa familia moja ya wazungu huko Masaki, na wazungu wale walipomaliza kazi zao nchini wakamwachia vitu ambavyo ndege isingekubali kubeba. Kwa chuma kile, nawaelewa. Alikileta nyumbani Kinondoni kimefungwa kwenye khanga kama kichanga, akakiweka mezani, akasema, "Zuu, njoo umuone mdogo wako." Nikakimbia nikidhani kweli, na nilipofunua nikalia. Alinitania kwa hilo miaka yote iliyobaki, nayo haikuwa mingi.

Tulikuwa tunakaa fleti, chumba na sebule, mimi na yeye. Baba alikwenda Sauzi kutafuta maisha nikiwa bado natambaa, na nadhani aliyapata, maana hakurudi. Jikoni kwetu kulikuwa na jiko la umeme la sahani mbili, moja mbovu. Mkaa mwenye nyumba aliukataza, alisema unaharibu rangi ya kuta, kuta ambazo rangi yake ilikuwa imeshaharibiwa na wapangaji watano kabla yetu. Na mama yangu alikuwa mtu wa moto. Watu wake walitoka mikoa ya kusini wakahamia Pugu, na huko Pugu ndiko alikokulia. Kwake chakula ambacho hakijaguswa na moto wenyewe kilikuwa chakula cha mgonjwa. Kwa hiyo kikaango kile kilimfikia kama dua iliyojibiwa.

Alikuwa anakiweka juu ya ile sahani nzima, kitupu, anasubiri. Kazi yangu ilikuwa kudondosha tone la maji kwa ncha ya kidole. Tone likitulia, bado. Tone likianza kukimbia huku na huku likipiga kelele, tayari. Hapo mama ananirudisha nyuma kwa kiwiko, anapaka mafuta kwa kitambaa alichokifunga kwenye kijiti, halafu analaza vipande vya muhogo. Wakati mwingine vilikuwa vibua, na mwisho wa mwezi hata nyama, lakini yeye mwenyewe alipenda muhogo. Akishaona mistari imeshika anavigeuza robo, ili mistari mipya iikate ile ya kwanza, vitoke na miraba. Pembeni ana kikombe cha ndimu, chumvi na pilipili. Ananyunyizia vikiwa bado motoni, na moshi unapanda wote kwa pamoja, mchungu, mkali, wenye ndimu ndani yake, unatoka dirishani mpaka kwa jirani wa juu.

"Mama Zuu! Leo kachinjwa nani?"

"Muhogo, shoga yangu! Teremka ukachukue paja!"

Sijasikia mtu akicheka jikoni namna ile tangu wakati huo, na mimi mwenyewe sijui kuiga.

Kikishapoa kidogo alikifuta kwa chumvi ya mawe na kitambaa kikavu, akakipangusa kwa maji ya moto kidogo, akakirudisha motoni kikauke, akakipaka mafuta. Basi. Ndani kilikuwa cheusi cha kung'aa, cheusi cha nywele za mtu aliyetoka saluni. Siku moja nilitaka kumfurahisha, nikachukua sabuni ya unga. Alinipokonya kabla sijailowanisha.

"Hiki hakiogi sabuni," aliniambia. "Ukikiosha na sabuni kinasahau."

"Kinasahau nini?"

"Kila kitu tulichokipika."

Mama hakuwa mtu wa mafumbo. Alikuwa ananieleza jambo la kawaida la wapishi, kwamba chuma cha aina ile hunywa mafuta kidogo kidogo mpaka kiwe na ngozi yake, na sabuni huivua ile ngozi. Ukubwani nimelielewa. Utotoni nilielewa vingine: kwamba kikaango kina kumbukumbu, na kwamba ndani ya ule weusi zimo jioni zetu zote, na kicheko chake, na jirani wa juu, na mimi na kidole changu cha maji. Nililiamini hilo kama nilivyoamini kwamba mwezi unanifuata nikitembea.

Mama akaugua. Sitaki kueleza sana habari ya hospitali. Nililala kwa jirani yule wa juu, na kila nikitoka shule nilichukua ufunguo, nikaingia kwetu, nikakitoa kikaango kabatini, nikakinusa, nikakirudisha. Kilikuwa kinanuka kama kawaida, kwa hiyo nikajua mama hajambo. Alifariki siku ambayo nilikuwa nimekinusa mara mbili.

Nyie wa umri wangu mnaijua shughuli ya arobaini. Kisomo kilisomwa, pilau ikaliwa, wageni wakaaga, halafu ndugu wenyewe wakaingia ndani, na mlango ukafungwa. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikaa kwenye kiti pekee. Shangazi, dada yao, alikuwa amesimama katikati ya sebule na khanga kaifunga kiunoni kama mtu anayejiandaa kufua. Upande wa mama alikuja mtu mmoja tu, bibi, mama yake mama, kutoka Pugu. Alikaa chini karibu na mlango, miguu kainyoosha, mikono kaiweka juu ya mapaja.

Vitu vyote vilikuwa vimerundikwa mbele yetu. Shangazi alisema vimenunuliwa na kaka yake wa Sauzi, kaka ambaye hakuwahi kututumia hata kiberiti. Hakuna aliyembishia. Baba mkubwa alikuwa anaelekeza kwa kidole: "Hili godoro anachukua nani? Hizi sufuria? Hilo pazia?" Shangazi alikuwa anajibu. Kila alichojibia alikiinua, akakipakata kidogo, akakiweka upande wake. Alipofika kwenye nguo za mama alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, siwezi kumnyima hilo. Mwisho akainua kikaango, akakishangaa uzito, akakipachika juu ya rundo lake.

Kisha baba mkubwa akaniangalia mimi, na kwa sauti ile ile aliyoulizia pazia akauliza, "Na huyu je?"

Bibi ndipo aliposema kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mie vyombo sivitaki. Bebeni vyote, hata kijiko sitagusa. Mie nimemjia mjukuu wangu."

"Mtoto ni wa kuumeni, mama," shangazi alisema. Alimwita mama kwa heshima, na heshima ile ilikuwa na miiba. "Halafu huko Pugu kwenu atasoma wapi? Atasomeshwa na kuku?"

"Shule iko."

"Shule iko, haya. Na chakula?"

"Mama yake alikula nini mpaka akawa mtu mzima?"

Baba mkubwa alitazama saa. Alikuwa mtu mwema aliyechoka, na watu wema waliochoka wanaweza kufanya mambo mabaya sana. "Jamani, tusigombane kwenye arobaini ya marehemu. Huyu mtoto ana akili zake. Achague mwenyewe. Zuu, mama, unataka kwenda kwa nani?"

Meno yangu ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanaota upya. Nilisimama pale na ulimi wangu ukiyapapasa, nikawaangalia wote wawili, na haya ndiyo niliyoyaona. Nilimwona shangazi, macho mekundu, kakumbatia nguo za mama yangu, vyombo vya mama yangu, shuka za mama yangu. Nikadhani mtu huchukua vitu vya mtu kwa kuwa anampenda, na anayechukua vingi ndiye anayependa sana. Na nilimwona bibi, mikono mitupu. Bibi aliyekataa hata kijiko. Niliumia moyoni kwa ajili ya mama, kwamba mama yake mzazi hakutaka hata kijiko chake.

Na juu ya rundo la shangazi palikuwa na kikaango.

Nikanyoosha kidole. Shangazi akafyatua mdomo, "Mnaona?" Baba mkubwa akasema alhamdulillahi, akasimama.

Bibi hakulia. Alikuwa na utani wa mabibi wote, aliniita mke mwenzake tangu nilipozaliwa, na siku ile hakuuacha. Alijikongoja akainuka, akafunga upya fundo la khanga yake, akanishika shavu kwa kiganja kikavu. "Haya, mke mwenzangu. Ukichoka huko, Pugu ipo." Akatoka. Sikumtazama akishuka ngazi, nilikuwa nahakikisha kikaango kinaingizwa kwenye gari bila kudondoshwa.

Watu wananiambia, Zuu, ulikuwa mtoto. Najua nilikuwa mtoto. Waliokuwa wakubwa mle ndani ndio walioniuliza swali lile, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuja kuniambia kwamba swali lenyewe halikuwa langu.

Nyumbani kwa shangazi, Tabata, palikuwa pasafi. Nasema haki yake. Sufuria zake zilining'inia ukutani jikoni kwa ukubwa, kuanzia ya pilau ya shughuli mpaka ya uji wa mtoto, na zote zilisuguliwa nje na ndani, kitako na mbavu, mpaka ungeweza kujitazama ukachana nywele. Mwanamke alihesabiwa kwa sufuria zake mtaani kwetu. Mgeni akija kusalimia macho yake yalipita kwanza ukutani, ndipo yakaja kwako. Shangazi alilijua hilo na aliliishi.

Kikaango alikiweka kwenye shoukesi sebuleni, kwa kuwa kimetoka Masaki. Kilikaa pale kama bwana harusi mpaka siku alipokuja mama mmoja wa jirani, akakiangalia, akasema kwa upole, "Hicho nacho mbona cheusi hivyo, shoga, hamjapata stilwaya?"

Mgeni alipoondoka tu, niliitwa. Nikapewa stilwaya, sabuni ya unga, mchanga kwenye kopo na majivu.

"Sugua mpaka king'ae. Chombo cheusi namna hii watu watasema nyumba hii haina mwanamke."

"Shangazi, mama alisema hakiogi sabuni."

"Mama yako alikuwa anapikia uchafu, ndiyo maana..." Akaishia hapo, akasonya, akaenda zake. Alijua amefika pabaya. Lakini mimi nilikuwa nimeshalisikia lile alilolimeza, na ninalisikia mpaka leo.

Nilikaa kwenye kigoda uani nikasugua. Sikuwa na ujanja mwingine, mtoto wa kwa watu hana ujanja. Kwanza hakikutoka kitu. Nikaongeza mchanga. Halafu maji kwenye beseni yakaanza kuwa meusi. Nilisugua jioni za mama yangu moja baada ya nyingine, nikalia, nikasugua, vidole vikachubuka kwenye yale matuta, na kila maji yalipojaa weusi niliyamwaga kwenye mtaro nikayatazama yanavyokwenda. Kesho yake nikarudia. Mwishowe chuma kikatoka kijivu, kimeparara, kama kigaga cha mgonjwa. Shangazi akakiinua, akakipeleka kwenye mwanga, akasema, "Umeona sasa? Kumbe kizuri."

Kulipokucha kilikuwa na kutu. Kutu nyekundu, kila tuta. Alinichapa kwa kukiacha na maji, kisha akakitupa chini ya bomba la pipa kikinge matone, na hakikuondoka pale mpaka majuzi nilipokichukua.

Nikawa mtoto wa kazi katika nyumba ya damu yangu. Alinisomesha, alininunulia sare, hakuninyima chakula, na kila kimoja kati ya hivyo alinikumbusha. Shufaa na wadogo zake walikula mezani nikiwa jikoni nasugua kile walichopikiwa. Sikuwa na chuki nao, walikuwa wadogo, walidhani ndivyo dunia ilivyopangwa. Mimi pia nilidhani hivyo, kwamba niliulizwa, nikachagua, basi ndiyo haya.

Bibi alikuja. Hilo lazima niliseme vizuri. Alikuja mara nyingi, kutoka Pugu, na magoti yake yale. Nilikuwa nasikia hodi yake, kwa kuwa alikuwa akipiga hodi kwa sauti ya kusini, ndefu. Shangazi alikuwa ananipa ishara ya jicho niingie stoo, anaurudishia mlango, ndipo anakwenda kufungua.

"Shikamoo mama. Karibu. Zuu hayupo, kaenda madrasa."

"Hata leo?"

"Hata leo, mama. Anapenda chuo mtoto huyu, mashallah."

Mle stoo kulikuwa na dirisha dogo la wavu linalotazama uani, karibu na pipa. Nilikuwa nakaa juu ya gunia la mchele nikinyamaza. Mtaniuliza kwa nini sikutoka. Nilimwogopa shangazi, hiyo moja. Na nyingine, bado nilikuwa nimemnunia bibi kwa ajili ya kile kijiko. Lakini kubwa lilikuwa hili: kila bibi alipokuja, nikiwa mle ndani gizani, ilikuwa inanijia harufu ya mama. Siyo kidogo, siyo kwa mawazo. Harufu yenyewe, ya moto na ndimu na chumvi, inaingia na upepo kwa lile dirisha. Nilikuwa naweka pua kwenye wavu nakitazama kikaango pale chini ya pipa na kutu yake, moyo unanidunda kwa furaha. Hakijasahau, nikawa najiambia. Nimekisugua chote na bado hakijasahau. Basi nikawa najua ninapotakiwa kukaa. Nilikuwa nabaki kimya mpaka geti lifungwe, na baada ya muda harufu ilikuwa inaondoka.

Nilikuwa sekondari taarifa ilipokuja kwamba bibi amefariki. Shangazi mwenyewe alinipeleka Pugu, kavaa baibui jipya, na njia nzima alinihimiza nilie watu waone. Sikuweza. Nilikwenda kukaa uani kwa bibi, kwenye banda lake la kupikia, kwa sababu ndani palijaa watu nisiowajua ambao wote walikuwa wanamlilia kuliko mimi.

Bandani alikuwamo jirani yake, Bi Somoe, anawapikia watoto wa msibani. Mafiga matatu, moto, na juu ya mafiga kipande cha bati la kuezekea, bati kuukuu la migongo, limeungua mpaka likawa jeusi la kung'aa. Alipanga vipande vya muhogo juu ya migongo ile. Alipovigeuza vilikuwa na mistari. Kisha akachukua kikombe, akachovya vidole, akanyunyizia.

Moshi ulinifikia, mchungu, mkali, wenye ndimu ndani yake.

"Wewe ndo Zuu?" Bi Somoe aliniuliza, hakungoja jibu, maana sura yangu ni ya mama. "Chukua. Chukua hicho cha pembeni, kimeiva. Mama yako alikuwaga anagombania cha pembeni."

"Mama alikula muhogo hapa?"

"Sasa angekula wapi? Si bati la mama yake hili. Kakulia juu ya bati hili." Akatikisa kichwa. "Na wewe bibi yako alikuwa anakuchomea hapa hapa, kila akija huko kwenu Tabata. Anaamka alfajiri anachoma, anafunga kwenye majani ya mgomba, halafu khanga, usipoe. Anarudi nao jioni. Tunamwambia, bibi, si ungemwachia mtoto akirudi chuoni atakula? Anasema hapana, mke mwenzangu nataka nimwone akitafuna. Basi tunakula sie."

Niliutafuna ule muhogo. Sikumeza mpaka alipogeuka kuchochea moto.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Mama yangu, katika fleti ya Kinondoni isiyoruhusu mkaa, alipewa na wazungu chuma chenye matuta, akakiangalia, akaona bati la mama yake. Jioni zote zile alikuwa anapika Pugu. Na harufu iliyokuwa ikiniambia nikae pale stoo, nisitoke, ilikuwa imesimama getini imefungwa kwenye khanga, inaambiwa sipo.

Siwezi kumsamehe shangazi. Nimejaribu, hasa siku ya mazishi yake, jeneza likiwa bado uani, pale imamu aliposema mwenye kumdai marehemu amsamehe, na watu wote wakaitikia tumemsamehe, na mimi nikatazama viatu vyangu. Kama angenitesa tu, ningesamehe. Kuna watoto walioteswa kuliko mimi na wanacheka. Lakini alikuwa akimtazama mwanamke mzima machoni, mwanamke aliyezika mwanawe, anamwambia hayupo, nami nipo hatua chache nyuma yake juu ya gunia. Akimaliza anaingia jikoni anachambua mchele. Hilo mwenye kulisamehe na alisamehe. Mimi uwezo huo sikupewa.

Kikaango nimekihangaikia. Nimekitoa kutu kwa chumvi ya mawe na mafuta, nimekichoma, nimekipaka, nimekichoma tena, ngozi imeanza kurudi kwenye mabonde ya matuta ingawa juu bado kijivu. Jioni hii nimechemsha muhogo kidogo, nikamwita Latifa adondoshe tone la maji. Tone likakimbia. Akapiga ukelele wa furaha, halafu moshi ulipopanda ndipo akaanza kukohoa kule kwake kwa kujitakia.

Amefungua dirisha sasa. Ameuma kipande cha kwanza huku anakipuliza, amekigeuza kukagua miraba yake, akasema kitamu. Halafu akakiangalia kikaango kwa jicho ambalo nalijua. Alikuwapo kule Tabata. Aliona vitanda vinapanguliwa na doti zinahesabiwa.

"Mama, ukifa, hiki nachukua mie?"

Nikazima gesi.

"Ukiwaona watu wanagawana vyombo vyangu," nikamwambia, "wewe usiangalie kikaango. Tafuta aliyekuja mikono mitupu, umfuate huyo."

Alinitazama kidogo, akaona sitanii, akaona pia hajaelewa kitu. Akaniomba ndimu.